Je, Yafaa Kumwua Mdudu Ili Kumjua?

Mwezi wa Novemba, mvua za kwanza zilipokwisha kunyesha katika nchi ya juu ya Kasulu, tulifuatana na vijana thelathini na zaidi wa shule moja mpaka bondeni, penye kijito kimoja kati ya vile viteremkavyo kuelekea mto Ruchugi. Kazi yao siku ile ilikuwa kuwatafuta wanyama wadogo wasio na uti wa mgongo, kuwakusanya, kuwatambua, na kuandika ni wa aina ngapi wakaao katika bonde lile. Vyombo vyao havikuwa vya fahari. Walikuwa na shuka moja jeupe la kutandaza chini ya kichaka kinapotikiswa, wavu ulioshonwa kwa kipande cha chandarua kikuukuu, sinia jeupe la plastiki, makopo, kibano, kioo kimoja cha kukuzia cha kupokezana, na chupa ya spiriti. Hiyo chupa ndiyo iliyoleta neno.

Binti mmoja wa miaka 13 hivi alikuwa amemtia dundu wa kijani ndani yake, naye akaishika chupa mbele ya macho yake akimtazama mpaka miguu ilipoacha kutikisika. Kisha akatujia akasema, “Mwalimu, juzi nyumbani tuliokota kumbikumbi ndoo nzima, tukawakaanga, tukala. Wale walikufa wakatushibisha. Huyu hatumli. Basi amekufa kwa faida ya nani?”

Wenzake wakacheka. Mzee mmoja mfuga nyuki, aliyekuwa amesimama njiani akituangalia, akamjibu kabla yetu, “Mjukuu wangu, huyo ni mdudu tu.” Nasi tulikuwa na jibu letu tayari, ya kuwa amekufa kwa faida ya elimu, lakini tulipotaka kulitamka tuliona ya kuwa ni neno kubwa lenye sauti ya ngoma, na ngoma ndani yake ni tupu. Kwa hiyo tulimwomba yule binti atupe muda. Haya tuyaandikayo ni jibu lake, nalo limechelewa.

Tulitazame kwanza neno la mzee, maana ni neno la watu wote, wala hakulitunga yeye. Katika Kiswahili chetu mdudu ni jina lenye mfuko mpana sana. Humo twawatia nyuki na nge, jongoo na tandu, buibui, kupe na konokono. Wako hata wamwitao nyoka mdudu. Kidole kikivimba na kutunga usaha kando ya ukucha, twasema kina mdudu. Mtu akiugua ugonjwa asioujua, watu husema ameingiwa na wadudu. Jina likiwa la vitu vyote vitambaavyo, viumavyo na vituchukizavyo, basi limekuwa jina la chuki yetu, wala si jina lao. Tena lile neno dogo “tu” ndilo hukumu yenyewe. Mtu akisema “mdudu tu” amekwisha kuinua mguu.

Siku ya kwanza ya kazi hii kijana hufundishwa kuhesabu miguu. Mdudu wa kweli, kama wataalamu walitumiavyo jina hili, ana miguu sita na mwili wa sehemu tatu. Buibui na nge wana miguu minane, nao ni wa ukoo mwingine. Tandu ana jozi moja ya miguu katika kila pingili, naye huuma kwa sumu. Jongoo ana jozi mbili katika pingili zake nyingi, wala haumi, bali hula majani yaliyooza na kuyarudisha kuwa udongo. Mtoto aliyekwisha kulijua hili hamwogopi jongoo, wala hampondi kwa jiwe kwa kosa la tandu. Hilo ni jambo dogo, lakini ni haki. Na sisi tunaofundishana Amri ya Nane twajua ya kuwa hata ushuhuda wa uongo uliosemwa kwa uvivu ni ushuhuda wa uongo.

Katika kitabu cha Mwanzo twasoma ya kuwa kazi mojawapo aliyopewa mtu juu ya wanyama ilikuwa kuwapa majina. (Wala hatusomi popote ya kuwa Adamu alikuwa na chupa ya spiriti.) Kazi hiyo haijakwisha. Carl Linnaeus wa Uswidi, mwana wa mchungaji wa Kilutheri, ndiye aliyeipa utaratibu unaotumika mpaka leo. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1758 kila mnyama alipewa jina la maneno mawili. Nyuki wetu wa asali aliitwa humo Apis mellifera, yaani mchukuzi wa asali. Baadaye Linnaeus aliona amekosea, maana nyuki hachukui asali, huchukua maji matamu ya maua na kuyageuza kuwa asali akiwa nyumbani. Akataka kumbadilisha jina, lakini sheria ya wataalamu ni kwamba jina la kwanza ndilo lidumulo. Wafuga nyuki wa Kibondo wangaliweza kumwambia hilo tangu mwanzo. Hata leo wadudu waliokwisha kupewa majina ni karibu milioni moja, na wale wasiojulikana bado wadhaniwa kuwa wengi kuliko hao. Kijana akitikisa kichaka katika bonde la Kasulu, yawezekana kabisa kwamba katika shuka lake ameanguka kiumbe ambaye hakuna mtu aliyepata kumwandika.

Basi wako watu wema watakaosema, mwacheni akae bila kuandikwa, lakini akae hai. Jibu hili lina uzuri wake, na halifai kudharauliwa. Mwaka 1913 Albert Schweitzer, mwana wa mchungaji wa Alsace, naye mwenyewe mhubiri na mwalimu wa theolojia, alikwenda Lambaréné katika nchi ya Gabon kuwa mganga wa watu. Mwaka 1915, akisafiri katika mto Ogowe, alipata neno alilolifanya msingi wa mafundisho yake yote, yaani kuuheshimu uhai. Alifundisha ya kuwa mtu mwema apitaye njiani baada ya mvua, akimwona nyungunyungu amepotea juu ya barabara ambapo jua litamkausha, humwokota na kumweka majanini, wala haoni haya watu wakimcheka.

Wengi wamemsifu kwa ajili ya huyo nyungunyungu, na wengine wamemdhihaki. Lakini wote wawili husahau ya kuwa mtu yule yule alikuwa daktari. Kila siku aliviua vijidudu vya maradhi katika vidonda vya wagonjwa; na ndege walao samaki, aliowalea hospitalini mwake, aliwalisha samaki. Hakusema kwamba kuua huko si kitu. Alikiri ya kuwa ni lazima, ila alikataa kuiita lazima hiyo jambo jema. Mtu akiua kwa lazima, alifundisha, abaki akijua ya kuwa amechukua kitu, na aulize kila mara kama kweli ilikuwa lazima. Sisi tungesema kwa lugha ya nyumbani kwamba amebaki na deni.

Neno hili la deni latufaa kuliko yote mawili, lile la “mdudu tu” na lile la “usiue kamwe”. Maana nani kati yetu aishiye nyanda hizi asiyeua? Mama apigaye deki, mkulima alimaye kwa jembe, mchungaji wa ng'ombe atoaye kupe, mtoto aangushaye viluwiluwi vya mbu kwa kumwaga maji ya kopo, wote waua, na wengine wao tungewalaumu kama wasingefanya hivyo. Kumbikumbi wa yule binti walikuwa na deni lao, nalo lililipwa kwa watoto walioshiba. Kupe ana deni, nalo lalipwa kwa maziwa. Dundu wa kijani aliye ndani ya chupa, deni lake lalipwa kwa nini? Kama ni kwa maksi za mtihani, basi twasema wazi ya kuwa halikulipwa. Twaijua shule moja ambako mende arobaini waliuawa asubuhi moja kwa somo ambalo wanne wangelitosha, na jioni wote wakatupwa jalalani, nusu yao bila kufunguliwa. Huo ulikuwa wizi, ingawa ulifanyika mbele ya ubao.

Lakini je, iko elimu iwezayo kulipa? Tutoe mfano kutoka shamba la mahindi, maana ndilo tunda la nyanda za Kasulu na Kibondo ambalo mtu halitazami kwa macho ya mchezo.

Mwaka 2017 wakulima wa Tanzania walianza kumwona katika mahindi yao kiwavi mgeni. Asili yake ni Amerika. Afrika alionekana kwanza mwaka 2016, na kwa muda mfupi akaenea karibu bara zima. Leo huitwa kiwavijeshi vamizi. Mkulima aliyesema “mdudu tu” alikwenda dukani, akanunua dawa yo yote aliyouziwa, akainyunyiza shamba lote mchana wa jua. Kiwavi hakufa, maana alikuwa amejificha ndani kabisa katika moyo wa mhindi, chini ya kinyesi chake mwenyewe kama mtu aliyejiezekea paa. Waliokufa ni nyuki wa jirani, na buibui, na siafu waliokuwa wakiwinda viwavi, na nyigu wadogo mno, wadogo kuliko punje ya ulezi, watagao mayai yao ndani ya mayai ya yule nondo ambaye ndiye mama wa kiwavi. Nyigu hao watafiti wamewakuta hapa hapa Afrika ya Mashariki, wakifanya kazi bila mshahara. Mkulima yule aliwaua askari wake akamwacha mwizi.

Sasa huyo kiwavi ana alama. Juu ya uso wake uko mstari mweupe wenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia wake yako madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe nne za mraba. Kijana aliyewahi kuwatia viwavi wawili katika spiriti na kuwaangalia kwa kioo cha kukuzia, mmoja huyu na mmoja wa viwavijeshi wetu wa zamani, hayasahau madoa yale manne. Anaweza kwenda shambani na mama yake asubuhi na mapema, wakageuza majani, wakayaona mayai yaliyofunikwa na kitu kama sufi, wakayaponda kwa vidole, na dawa wakaiacha dukani. Mmoja aliyekufa chupani amewaokoa maelfu ambao mkono wa ujinga ungewaua. Hivyo ndivyo deni lilipwavyo, ndugu. Si kwa hotuba.

Watu wengine hudhani kazi hii ni ya wageni wa Ulaya wenye kofia. Thomas Odhiambo, mtu wa Kenya, aliyesoma Makerere na kisha Cambridge, aliona ya kuwa wadudu wa Afrika yapasa wachunguzwe na Waafrika katika Afrika; na mwaka 1970 alianzisha jijini Nairobi kituo cha ICIPE, ambacho hata leo huwachunguza wadudu wa nchi za joto. Makao yake huko Kasarani yaitwa Duduville, yaani mji wa madudu, jina ambalo huwachekesha wageni. Sisi twalipenda.

Lakini tusije tukafikiri ya kuwa kila ajuaye jina la mdudu hutenda haki. Nchi ya Kibondo yaweza kutufundisha kinyume chake. David Bruce alionyesha huko Zululand mwaka 1895 ya kuwa ndorobo, yaani mbung'o, ndiye aenezaye ugonjwa wa nagana katika ng'ombe. Na baada ya miaka michache ikajulikana Uganda ya kuwa malale ya watu nayo huletwa na ndugu zake. Yalikuwa maarifa ya kweli, na yalinunuliwa kwa kazi nyingi. Lakini serikali ya Kiingereza ilipoanza kupigana na malale katika Buha miaka ya 1930, maarifa yale yalikuwa nusu tu. Walijua mbung'o hukaa porini; wakaona dawa ni kuwahamisha watu. Waha wengi wa pande za Kibondo waliambiwa waache nyumba zao, makaburi ya wazee wao na migomba yao, wakusanyike katika makao mapya yaliyofyekwa. Baadhi yao bila shaka waliokolewa na ugonjwa. Lakini mashamba yaliyoachwa yalirudi kuwa pori, na pori ndilo nyumba ya mbung'o. Huko kwingine katika Afrika wanyama wa mwituni walipigwa risasi kwa maelfu, nyati, swala na ngiri, ili mbung'o akose damu ya kunywa. Mdudu alijulikana kwa jina, ila hakuna aliyekuwa amekaa naye muda wa kutosha.

Baadaye watu walikaa naye. Wakamtazama apendavyo kutua na rangi zimvutazo, wakagundua ya kuwa huifuata sana rangi ya bluu. Leo kitambaa cha bluu na cheusi kilichotiwa dawa na kuning'inizwa porini humwua yeye peke yake, bila risasi na bila shoka. Wakajua tena ya kuwa jike lake kwa kawaida hukutana na dume mara moja tu katika maisha yake. Kwa sababu ya jambo hilo moja, kisiwani Unguja kati ya mwaka 1994 na 1997 madume zaidi ya milioni 8, waliozalishwa Tanga na kufanywa wasiweze kuzaa, walimwagwa kutoka katika ndege. Majike wakakutana nao wakabaki tasa. Mbung'o wa mwisho wa porini alikamatwa kule mwaka 1996. Hakuna kichaka kilichochomwa kwa ajili hiyo, wala paa aliyepigwa risasi.

Je, ilikuwa haki kuifuta jamii nzima ya kiumbe kisiwani? Twakiri ya kuwa swali hili latuumiza kidogo kuliko liwapasavyo kuumia watu waongofu, maana tumemwona ng'ombe mwenye nagana, na tumekaa kando ya kitanda cha mtu mwenye malale. Twajibu kwamba ilikuwa haki. Lakini yapasa tumwambie msomaji jambo ambalo waliomchunguza mbung'o wamelijua, ili asiseme “mdudu tu” hata juu ya adui. Mbung'o hatagi mayai mamia kama nzi wa jikoni. Humchukua mtoto mmoja tumboni mwake, mmoja tu kwa wakati, humlisha ndani kwa maji yafananayo na maziwa, na kumzaa akiwa karibu na ukubwa wake mwenyewe. Aliyemwua akilijua hilo ameua kwa namna nyingine.

Turudi sasa bondeni, kwa vijana wetu, maana tumewaacha muda mrefu na miguu yao majini. Baada ya vichaka waliingia katika kijito, wakageuza mawe na kuusukasuka mchanga kwa nyayo, wavu ukiwa chini ya mkondo. Yaliyoingia wavuni waliyamimina katika sinia jeupe lenye maji. Mwanzoni hawakuona kitu ila takataka. Kisha takataka zikaanza kutembea. Walikuwamo watoto wa kereng'ende wenye taya la kukunjuka, kaa mdogo wa maji baridi, konokono, ruba, mdudu ajengaye nyumba ya chembe za mchanga na kuiburuta mgongoni, na wale watoto wa majini wembamba wenye mikia mitatu, ambao wakiisha kuota mabawa huishi siku moja au mbili tu, hawali kitu, huzaa na kufa.

Kazi hii ya majini ina jambo ambalo twataka makatekista walisikie. Wataalamu wamefanya kipimo cha mito ya Tanzania kiitwacho TARISS, kilichochapishwa mwaka 2015, kwa kuifuata namna ya Afrika Kusini. Wanyama wa mtoni hupewa alama kwa jinsi wanavyoweza au wasivyoweza kuvumilia maji machafu. Minyoo na funza wengine huishi hata katika uchafu, nao hupewa alama ndogo. Baadhi ya wale wenye mikia hufa mara maji yakiharibika, nao hupewa alama kubwa. Iko na namna nyepesi iliyofanyiwa wanafunzi, yenye makundi 13 tu. Mwenye kuhesabu makundi aliyoyaona hujua kama kijito ni kizima au ni kigonjwa, hata kama siku ile maji ni maangavu. Na kwa namna hii mnyama hutambuliwa akiwa hai katika sinia, kisha hurudishwa alikotolewa. Chupa ya spiriti hukaa mfukoni.

Maji yale yashukayo kwa Ruchugi na kwa Moyowosi huingia Malagarasi, na mabwawa ya Malagarasi na Moyowosi ndiyo yaliyoandikwa mwaka 2000 kuwa ardhi oevu ya kwanza ya Tanzania katika mkataba wa Ramsar. Lakini hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Chini ya bonde lile kuna kijiji, na akina mama wa kijiji huteka maji pale. Nyanda hizi zimebeba mzigo mkubwa. Wenyeji wameongezeka, wakimbizi wa Burundi na wa Kongo wamepokewa Nyarugusu tangu mwaka 1996 na Nduta pia, miti imekatwa kwa kuni na kwa mashamba, na kila mvua udongo hushuka. Mtu aweza kubishana na serikali, na serikali yaweza kubishana na mtu, kuhusu maji hayo. Lakini yule mwenye mikia mitatu yuko chini ya jiwe au hayuko. Hajui siasa.

Tusijifanye watakatifu katika habari hii. Zamani kidogo sisi wenyewe tulikaa Kibondo, tukashikwa na tamaa ya kukusanya. Tulikuwa na sanduku la mbao, tukalijaza kwa muda wa miezi saba: vipepeo, nyenje, vunjajungu, madundu ya kila rangi, nondo mmoja mkubwa kama kiganja ambaye tulijivunia sana mbele ya wageni. Kila mmoja tulimchoma sindano. Lakini tulikuwa wavivu wa kuandika. Tulisema tutaandika kesho mahali alipopatikana, na siku, na mti aliokuwa juu yake, tulidhani tutakumbuka. Mwaka uliofuata mgeni mmoja mwenye elimu ya wadudu alilifungua sanduku lile, akatazama kwa heshima, kisha akauliza, “Huyu alitoka wapi?” Hatukujua. “Na huyu?” Hatukujua. Akalifunga kwa upole, wala hakusema neno. Mdudu asiye na karatasi yake ni mzoga mkavu tu. Hana wa kumshuhudia wala hawezi kushuhudia. Baada ya masika mawili sisimizi wakaingia sandukuni wakamaliza, na twafikiri sisimizi walikuwa na haki zaidi kuliko sisi, maana wao walikula.

Tangu siku ile twawaambia vijana: tazama kwanza, mkono baadaye. Kinachoweza kujulikana kikiwa hai kisiuawe. Kereng'ende, panzi, kipepeo, wengi wao hutambuliwa kwa jicho, au kwa picha ya simu ya mwalimu kama anayo. Akilazimika kuuawa, auawe mmoja au wawili, si ishirini. Tena kwa upesi. Na karatasi iandikwe pale pale, kabla ya kuinuka. Makatekista waijuao michezo ya watoto wataelewa kwa nini twalikazia jambo hili. Mkono ung'oao miguu ya panzi kwa kucheza na mkono uihesabuo ni mkono mmoja, na mara nyingi ni wa mtoto mmoja, asubuhi na jioni. Mtoto aliyefundishwa kuhesabu tumemwona akiacha kung'oa. Tumemwona pia mmoja ambaye hakuacha, ila alianza kuandika hesabu yake kwanza. Kwa huyo twaendelea kungoja.

Mwezi wa Februari tulirudi kwenye bonde lile pamoja na vijana wale wale. Yule binti alikuja na chupa yake. Dundu alikuwamo bado, kijani yake haijafifia. Tukamwambia tuliyokuwa tumeyafikiri, kwa maneno machache kuliko haya, tukampa kipande cha karatasi aandike kwa penseli, maana wino huyeyuka katika spiriti. Akaandika Kasulu, na jina la kijito, na siku ya Novemba, na kichaka. Alipofika mahali pa kuandika jina la aliyemkusanya akasita.

“Nikiandika jina langu,” akasema, “watu watajua ya kuwa ni mimi niliyemwua.”

Tukasema, “Ndiyo.”

Akafikiri kidogo, kisha akaliandika lote, lake na la baba yake. Mzee mfuga nyuki alikuwa pale tena, ameketi juu ya gogo na bomba lake la moshi kando yake, kwa kuwa alikuwa akienda kuitazama mizinga. Tukamsalimu, shikamoo, binti akamsogelea kwa adabu na kumwonyesha chupa. Mzee aliigeuza kuelekea nuru, akatikisa kichwa.

“Huyu namjua,” akasema. “Huja wakati miyombo inapochanua. Akiwa mwingi, asali huwa nyingi.” Akalitaja jina lake kwa Kiha, jina ambalo kati yetu sote hakuna aliyepata kulisikia. Binti akamwomba alirudie. Mzee akalirudia polepole, naye akaligeuza lile karatasi, akaliandika upande wa pili.